Muziki wa Pazia la Kutarizi

Saa nne asubuhi mpiga kinubi alifungua kiti chake cha kukunja mbele ya pazia la kutarizi, katika ukumbi wa sanaa, akaanza kuhesabu mishono. Alikuwa ameombwa atunge muziki kutokana na pazia hilo, upigwe siku ya ufunguzi wa maonyesho. Mshono mrefu aliuandika noti ndefu, mfupi noti fupi. Rangi nyekundu aliipeleka kwenye nyuzi nene za chini.

Hakumwambia mtu wa ukumbini kwamba pazia lilitariziwa na mama yake, miaka sita, katika chumba kisicho na dirisha cha karakana ya kutarizi, hadi macho yakazimika. Kibandiko cha ukutani kilimtaja mwenye karakana peke yake.

Siku ya nne mama akaja. Alikuwa marehemu wa miaka miwili, kwa hiyo alipanda ngazi polepole, akipapasa ukuta. Mlinzi akamkatia tiketi ya wazee.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nipigie hicho ulichoandika."

Binti akapiga. Mama akasikiliza, kainamisha kichwa.

"Hapo umepitiliza. Fundo si sauti, ni kimya. Kila penye fundo nilikuwa nayapumzisha macho."

Akanyoosha mkono amwonyeshe. Mlinzi akasogea.

"Samahani mama, vitu vya maonyesho havishikwi."

"Haya, baba," mama akasema, akaurudisha mkono mapajani. Tangu hapo akawa anaelekeza kwa mdomo tu.

Kadiri walivyoshuka kwenye pazia, mafundo yalizidi, na vimya vikawa vingi kuliko noti. Binti akamwambia kwamba kwenye pembe ya mwisho kulikuwa na maua yaliyonyooka sana.

"Hiyo si mikono yangu," mama akasema. "Nilikuwa nimeshaambiwa nikapumzike nyumbani. Usiipige."

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Binti alipoanza kupiga, wasikilizaji waliacha kwanza kuiona nyekundu, kisha nyuso za jirani zao, kisha mikono yao wenyewe. Mwanamke mmoja alimwomba jirani amshikie mkoba usije ukapotea. Mwenye karakana, aliyekaa mstari wa mbele, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, halafu akatulia kama wenzake. Walikaa gizani wakisikiliza, mchana kweupe. Binti alipofika kwenye pembe ya mwisho akainua mikono kutoka kwenye nyuzi, na macho ya watu yakarudi.

Wakapiga makofi kwa muda mrefu.

"Leo ndiyo nimejua mama yako alipitia nini," mwenye karakana akamwambia, na machozi yalimlengalenga kweli.

"Basi jina lake liwekwe pale."

"Mwanangu, vibandiko vimeshachapwa." Akampa pole, akaenda kupigwa picha kando ya pazia.

Watu walipotawanyika, mama alikuwa bado kwenye benchi.

"Kibandiko kinasemaje?"

Binti akamsomea kama kilivyo.

"Na mimi?"

"Hujaandikwa, mama."

Nje dereva wa mtu alikuwa akipiga honi.

"Rangi zimekaa vizuri?" mama akauliza. "Sikuwahi kuliona limetandazwa."

"Zimekaa, mama. Limependeza."

"Afadhali," mama akasema, akampa mkono amshushe ngazi.