Kurasa Arobaini za Kunyamaza

Katika mchepuo wa nadharia ya siasa, chuoni kwao Addis Ababa, alibaki mwanafunzi mmoja tu: Eskedar. Wenzake wote walikimbilia masomo ya biashara. "Ukihitimu utamtawala nani wewe? Paka?" walimtania.

Hakuwajali. Alikuwa ameandika tasnifu ya kurasa arobaini kutetea neno moja tu: anayenyamaza mbele ya mwenye nguvu asihesabiwe amekubali. Mwalimu wake, mzee Wubshet, aliisoma mara mbili.

Ijumaa idara ilikaa kikao, na Eskedar akaitwa kuwakilisha wanafunzi. Kwa desturi yao kahawa hunywewa duru tatu; ya kwanza ikamiminwa, bisi zikapitishwa. Mkuu wa idara, Dokta Seyoum, akatangaza kwamba mchepuo unafungwa na mzee Wubshet atapumzishwa. Kisha akamgeukia Eskedar kwa tabasamu.

"Binti yangu, barua yako ya kuhitimu iko mezani kwangu, naisaini leo hii. Haya, kuna mwenye pingamizi?"

Eskedar akainamia kikombe chake. Mzee Wubshet alimngoja mpaka duru ya pili ikapita.

"Basi tumekubaliana sote," akasema Dokta.

"Andika na hili, katibu," mzee akasema kwa upole. "Eskedar amenyamaza tu. Hajakubali."

Katibu akasimamisha kalamu, akamtazama msichana. "Ndivyo, dada? Niandike hivyo?"

Chumba kizima kikamgeukia. Duru ya tatu ikamiminwa, ile ya baraka. Eskedar akaipokea kwa mikono miwili, akanywa, asiseme neno.

Katibu akafunga daftari bila kuandika la mzee.