Hotuba ya Binti wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani alifika mapema kwenye kumbukumbu ya mwalimu, akachagua kiti cha nyuma karibu na mlango. Ukumbi wa shule ya viziwi ulijaa watu, wakisalimiana na kutaniana kwa mikono. Yeye alitabasamu tu, kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake.

Marehemu, ambaye watoto walimwita Mwalimu Vidole, ndiye aliyempokea binti yake alipokuwa mdogo, mtoto ambaye majirani walimwita bubu huku wakimtazama usoni. Alimfundisha kusoma, kuandika na hata kubishana. Na hakuishia kwa mtoto. Mara kwa mara alipita pale kwenye cherehani na zipu iliyokufa au sketi ya kupunguza, visingizio vitupu.

"Fundi, leo nikufundishe ishara mbili tu za kuongea na mwanao."

"Mwalimu, unaona mwenyewe nguo za watu zilivyorundikana. Wiki ijayo."

"Hiyo wiki ijayo yako inatembea kwa magoti," mwalimu alimjibu akicheka, wala hakununa.

Fundi akabaki na ishara za kumwita mtoto, kumlisha na kumlaza. Mengine alimwachia mkewe. Mke alipofariki, nyumba ikawa kimya kweli.

Sasa binti huyo, mwalimu msaidizi hapo hapo shuleni, alipanda jukwaani. Mikono yake ilianza kwenda. Ukumbi ukacheka, fundi akacheka baada ya wenzake. Mama mmoja aliyeketi jirani yake, mzazi wa mtoto kiziwi, akamwonea huruma.

"Nikutafsirie, baba?"

"Tafadhali, mama. Yule ni mwanangu."

Mama yule akamtazama kidogo, kisha akaanza kunong'ona. "Anasema mwalimu alikuwa wa kwanza kumwuliza ameota nini. Anasema alikuwa mbishi, na mwalimu alimwacha ashinde." Akanyamaza. Mikono jukwaani iliendelea.

"Mbona umeacha?"

"Anasema... nyumbani alikuwa anakula na kulala. Kuongea, alikuja kuongea huku." Akaongeza haraka, "Hajasema kwa ubaya, baba."

Fundi alijua. Uso wa binti yake ulikuwa mtulivu, na hilo ndilo lililomchoma. Angekuwa na hasira, yeye angepata la kujitetea. Aliinua macho kwenye picha ya marehemu pale mbele, akaona haya, akayashusha.

Watu walipoinuka alimshika mama yule mkono. "Samahani inasemwaje?"

Mama akamwonyesha. Fundi akairudia palepale mlangoni, huku watu wakimpita, hadi vidole vikazoea.

Alimkuta binti uani akipanga viti. Akasimama mbele yake, akaifanya ile ishara. Ilitoka vibaya. Binti akaweka kiti chini, akavishika vidole vya baba yake, akavinyoosha vizuri, akasubiri. Fundi akarudia.

Macho ya binti yalilowa. Kisha akajibu kwa mikono, jibu refu. Fundi alielewa pale binti alipojigusa kifua, na pale alipomgusa yeye. Katikati kulikuwa na neno lililompita. Akamwomba kwa kichwa alirudie. Binti akalirudia, polepole. Likampita tena, naye, kwa mara ya kwanza, hakujifanya ameelewa.