Seli za Mkia wa Kondoo

Batuli alipofungua mlango wa maabara Jumatatu asubuhi, kabati la joto lililotunza seli zake lilikuwa baridi kama jiwe. Waya wake ulikuwa umechomolewa kwenye soketi pekee iliyounganishwa na jenereta. Mahali pake palichomekwa waya mwingine, uliopenya chini ya mlango hadi chumba cha pili, kwenye majokofu ya samaki.

Seli zile alizitoa kwenye mkia wa kondoo, ule mnene wa mafuta. Kila seli huhifadhi mafuta yake kwa matone, na Batuli alikuwa ameona jambo. Ndani ya seli kuna kimeng'enya kinachopeleka ujumbe. Alipokizuia kwa dawa, matone yalibaki madogo, yametawanyika. Alipokiacha, yaliungana na kuvimba. Alibakiza kurudia jaribio ili awe na uhakika. Sasa seli zote zimekufa.

Alimkuta Gaudence, mkuu wa kituo, akinywa chai.

"Nani kachomoa waya wangu?"

"Mimi. Kile chumba cha pili nimempangisha Uwesu, muuza samaki. Serikali imetuambia tujitegemee, Batuli. Mkia wa kondoo utatulisha?"

"Umeua kazi ya mwaka mzima kwa ajili ya sato!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Alirudi mbio, akachomoa waya wa majokofu, akasimama mbele ya soketi. Gaudence akamfuata akifoka kwamba atamfukuza kazi. Uwesu naye akatokea, amekunja uso.

"Dada, samaki wangu wataoza."

"Muulize aliyekupangisha. Seli zangu zimeshakufa."

"Kufa? Mimi niliambiwa maabara hii haitumiki tena!"

Uwesu akamgeukia Gaudence, akamporomoshea matusi mbele ya watumishi, na jioni ile akahamishia majokofu yake Chang'ombe.

Batuli akapewa barua ya onyo. Akaichana. Alfajiri akaenda machinjioni kutafuta mkia mwingine, akaanza upya. Baada ya miezi kadhaa jaribio likakubali: penye dawa, matone madogo, pasipo dawa, makubwa. Akamwita Gaudence aje aone mwenyewe.

Gaudence akaketi, akainamia hadubini, akatazama kidogo.

"Vizuri. Sasa hii tutaiuza wapi?"

Batuli akakivuta kwa nguvu kiti alichokalia, Gaudence akapepesuka na kushika meza.

"Toka," akamwambia. "Toka kabla sijakupiga."