Goti la Kushoto

Watu wakimwona mume wangu barabarani bila fimbo wananipa hongera mimi, kana kwamba goti lile nimelifua na kulianika mwenyewe. Na kweli nimelitolea jasho. Tangu awekewe goti la bandia mguu wa kulia, mimi ndiye niliyesimama kando ya kitanda kila asubuhi nikimwambia, "Kunja! Kunja tena! Usinitolee macho." Alinung'unika lakini alikunja, kwa sababu alitaka jambo moja tu: kurudi kazini.

Ni fundi wa vigae. Wenzake humwita Pimamaji, maana sakafu ikiinama hata kidogo yeye huiona. Kazi hiyo hufanywa kwa kupiga magoti, na imeyala yote mawili. Daktari alianza na la kulia kwa kuwa ndilo lililokuwa na hali mbaya zaidi.

Siku aliyorudi kazini niliandamana naye. Nilisema nambebea chakula, lakini ukweli ni kwamba sikumwamini. Kaka yangu, ambaye hufanya naye kazi, alikuwa ameshachanganya saruji sebuleni kwa mteja.

"Karibu, shemeji! Goti jipya, isije ikawa na kazi unaanza kujifunza upya."

"Nipe mwiko, acha domo."

Akashuka taratibu juu ya kipande cha godoro. Akapanga kigae kimoja, akakigonga, akasita. Akahamishia uzito wote kushoto, kwenye goti bovu, akapanga kingine. Jasho likamtiririka.

"Hilo jipya linauma?" nikauliza.

"Bora hata lingeuma. Ni kama goti la mtu mwingine."

Kaka yangu akamwinua. "Simama pale kwenye mashine, shemeji. Wewe ukate, mimi nipange. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo lenyewe lako?"

Akaenda kwenye mashine hata hivyo. Alikata vigae hadi jioni, na nyumbani hakugusa chakula.

Kesho yake alikataa kukata. Akawa anapanga vigae kwa goti la kushoto peke yake, mguu wa kulia kaunyoosha pembeni. Kila jioni nilimkanda kwa maji ya moto, goti limevimba kama andazi, huku nikimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Yeye alimaliza sahani, akaniomba ya pili, akanisimulia sakafu nzima kona kwa kona. Alikuwa na raha, mjinga yule. Mimi nilikuwa naogopa.

Tuliporudi kliniki, daktari alimtembeza kwenye korido akafurahi.

"Mguu wa kulia umekubali kabisa, mzee. Sasa tufanye goti la kushoto, maana hilo limekwisha."

"Nikiwekewa, nitapiga magoti?"

"Mara moja moja, ukiweza kustahimili. Kushinda juu yake siku nzima, hapana."

"Basi hili niachie."

"Ukiliacha, iko siku hutatembea."

"Nitembee niende wapi?"

Daktari akanigeukia. "Mama, hebu zungumza na mzee wako."

Mume wangu naye akanitazama. Nilijua anachoniomba. Nilijua pia anavyoshuka kitandani akishika ukuta, anavyouma shuka akidhani nimelala. Nikajiona nikimbeba kwenda chooni, mimi na mgongo wangu huu, mpaka mmoja wetu afe. Nampenda, na nimechoka. Yote mawili ni kweli.

"Panga tarehe, daktari," nikasema. "Nitamleta mwenyewe."

Hakugomba. Laiti angegomba. Aliniangalia kama anavyoangalia sakafu iliyoharibiwa na fundi asiyejali, akachukua kofia yake, akatoka. Nikamfuata kwenye korido nikimwita kwa jina, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu tuzae. Hakugeuka. Alikwenda akichechemea upande mmoja, lakini goti la kulia lilimbeba vizuri, nami nikashindwa kumfikia.