Uji Ndani ya Mtungi wa Mvinyo

Nishapuri nzima hakuna mtu aliyejiharibia jina kwa bidii kama Bundar mchambua pamba. Kila alasiri, akishatundika upinde wake wa kuchambulia, alichukua mtungi wa mvinyo, akaufunika kwa joho huku shingo ya mtungi akiiacha makusudi ichungulie nje, akakatiza sokoni hadi uchochoro wa wauza mvinyo. Watu walimsema, naye akawaacha waseme. Ndani ya mtungi mlikuwa na uji wa shayiri. Alimpelekea Hormuz, mzee wa uchochoro huo aliyepooza na asiye na mtu. Akamlisha, akamwosha, akambadilishia matandiko, kisha akarudi kwake akijipepesua kidogo kama mlevi.

Ndivyo walivyoishi yeye na wenzake wachache pale mjini. Wema wao waliuficha kama wengine wanavyoficha aibu, na kasoro zao wakaziacha nje zionekane, kwa kuwa waliamini nafsi hunenepa kwa sifa na dawa yake ni lawama. Mimi siwacheki. Walikuwa wakweli kuliko wale wachamungu wavaa sufu waliolia kwa sauti safu ya mbele msikitini. Ila Bundar alikuwa na binti, na hilo hakulifikiria.

Binti huyo, Mahdukht, ndiye aliyepika uji huo tangu mama yake afariki. Siku hizi alikuwa akiuunguza mara kwa mara, maana mawazo yake yote yalikuwa kwa Hamduya, kijana mfuma hariri wa mtaa wa pili, naye Hamduya hali ilikuwa hiyo hiyo. Basi siku moja akaja Bi Mahin, mama yake Hamduya, kuitazama nyumba kabla ya posa. Bundar, kwa adabu, akakaa nyuma ya pazia.

Bi Mahin alikula tikiti, akausifu usafi wa nyumba, kisha akatoa lililomleta. Alisema mwanawe hali wala halali kwa ajili ya msichana huyu, na yeye mwenyewe amempenda, lakini hawezi kumposea mwanawe katika nyumba ya mlevi.

"Niambie wewe mwanangu, nitakuamini," akasema. "Baba yako anakunywa?"

Mahdukht akanyamaza. Tangu utotoni alifunzwa kwamba wema uliotajwa umeshaharibika. Alinyamaza mpaka mgeni akaona amekwisha kujibiwa, akavaa viatu vyake, akaaga kwa huzuni.

Bundar alitoka nyuma ya pazia machozi yakimlengalenga kwa fahari. Akamwambia binti yake kwamba hata yeye asingeweza kunyamaza namna ile.

Mahdukht hakuinua uso. Alikuwa akikusanya maganda ya tikiti. "Baba, lawama uliitaka wewe," akasema taratibu. "Mimi nilimtaka Hamduya."

Bundar akasimama pale pale. Kifua chake kilikuwa bado kinamfurahia mtoto aliyevunjika moyo kwa ajili ya siri yake, naye akaitambua furaha hiyo. Ndiyo aliyokuwa akiikimbia miaka yote. Nafsi yake haikuwa imekonda hata kidogo. Ilikula lawama ikashiba, na sasa ilikuwa imeanza kumla mtoto.

Akaunyakua mtungi uliokwisha kujazwa, akatoka mbio miguu mitupu. Alimkuta Bi Mahin kwa mwoka mikate, mahali ambapo nusu ya mtaa ilikuwa ikingoja mikate ya moto. Angeweza kumwita pembeni. Lakini waliomsema ni hao hao, na jina la binti yake walikuwa nalo vinywani.

"Onja, bibi," akasema.

Bi Mahin akarudi nyuma, kisha akanusa, akachovya kidole. "Ni uji," akasema. "Umeungua."

"Ni wa mzee Hormuz. Hawezi kuinuka. Namlisha na kumwosha, huu mwaka wa sita. Mvinyo sijauonja tangu nizaliwe. Mahdukht ndiye anayepika uji huu, na leo amekunyamazia kwa sababu mimi nilimfunza vibaya." Akautua mtungi chini. "Mimi si mtu mbaya."

Matusi yote ya miaka sita hayakumuuma kama maneno hayo machache ya kujitetea. Bi Mahin akamshika mkono mbele za watu, akalia, akaahidi kuleta posa.

Kesho yake soko zima lilikuwa na habari. Bundar alipopita, watu walisimama. Mmoja akaubusu mkono wa joho lake, mama mwingine akamsogezea kitoto kichanga akiombee dua. Ulimi ulimwasha. Tusi moja tu chafu, na wote wangemchukia tena, naye angerudi nyumbani kwake salama, mbali na sifa zao. Lakini kando yake alitembea Mahdukht, amebeba mtungi, na wanawake walikuwa wakimpongeza kwa posa yake, naye alikuwa akicheka kwa haya chini ya shela. Bundar akamtazama. Akalimeza tusi lake, akaanza kuitikia salamu zile, moja moja, mpaka mwisho wa soko.