Sakafu Chini ya Shimo

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hilo sikatai, na siku Mama alipoweka pedi ya kuchezea mezani na kusema gemu amewaachia wenye vidole, nilitamani kugombana na mtu, ila sikujua nani. Kiharusi kilimpitia kikaondoka, tunamshukuru Mungu. Mdomo ulirudi sawa, mguu ukarudi sawa. Kidole gumba cha kulia ndicho kilichogoma, na kidole gumba cha kulia ndicho cha kurukia.

Mama ni fundi cherehani. Tangu tukiwa wadogo, akisubiri wateja waje kupimwa, alikuwa akicheza gemu la zamani la chura mwenye buti: chura anakimbia, anaruka mashimo, anakwepa kaa, anafika mlangoni. Mimi na mdogo wangu hatujawahi kumshinda. Alitutandika huku chaki ya kukatia kaibana sikioni, na kabla ya kuanza alituuliza kama tumekula, tusije tukasingizia njaa. Sasa alikuwa anakaa kwenye kiti kile kile, pedi kaifunika kitambaa, yuko kimya. Nyumba yetu haijazoea Mama kukaa kimya. Niliogopa, nasema kweli.

Mdogo wangu ni fundi simu, tunamwita Waya, na ndiye aliyenionyesha programu. Kumbe kuna mashabiki wanaolipenda gemu la chura kuliko hata kampuni iliyolitoa, wakaunda wenyewe programu ya kutengenezea leveli mpya. Unaifungua, unakuta leveli tupu yenye viboksi kama daftari la hesabu. Unachagua tofali, unabandika. Unachagua kaa, unabandika. Unabonyeza kitufe cha kujaribu, na chura anakimbia juu ya kitu ulichokijenga dakika hiyo hiyo. Jamani! Mimi ni msusi, na nilipoweka ngazi yangu ya kwanza na chura akaipanda, nilipiga kelele mpaka mteja aliyekuwa kwenye draya akatoa kichwa kuuliza kuna nini. Tangu hapo, kati ya kichwa na kichwa, nilikuwa kwenye kompyuta ya saluni najenga.

Nilijenga nyumba yetu. Niliweka ngazi zetu zenye kona mbaya, chumba cha kushonea chenye marobota ya vitambaa mpaka darini, na mbwa wa jirani nikamfanya kaa mwekundu anayezurura getini. Mashimo niliyafanya membamba. Halafu, kwa kuwa kidole cha Mama nakijua, chini ya kila shimo nikapanga matofali yasiyoonekana, ili chura akikosea asife. Programu inaruhusu. Waya alichungulia akasema Mama atagundua tu. Nikamwambia ashike simu zake.

Jumapili mchana nikaibeba kompyuta ya saluni, nikampelekea. Alikataa, nikamng'ang'ania, akakubali shingo upande. Alipoona ngazi zetu kwenye skrini alishika mdomo. Yule kaa mwekundu alimtambua papo hapo, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga, nami moyoni nikasema nimeshinda. Likaja shimo la kwanza. Kidole kikachelewa, chura akatumbukia, akasimama hewani. Mama akamtembeza pale juu ya hewa, akaenda, akarudi. Shimo la pili akamtumbukiza kusudi. Hakufa. Akaiweka pedi chini taratibu.

"Umenishonea nguo bila kunipima," alisema. "Tena umeipanua, ili nisijue kama nimenenepa."

Ilinichoma. Mama hakati kitambaa cha mtu yeyote, hata mteja wa miaka mingi, bila kumpima upya kwa mkono wake, maana anasema miili inabadilika kati ya gauni na gauni. Nikaanza kujitetea, sauti ikapanda, nikasema nimefanya kwa mapenzi. Akajibu kwamba mapenzi ameyaona, gemu ndilo hajaliona. Waya akajifanya anatafuta chaja.

Basi nikafanya kitu nisichokizoea, nikaomba ruhusa ya kumpima. Nikaandaa leveli tupu yenye shimo moja tu, Mama akawa anabonyeza, mimi natazama. Kidole kilikuwa kinachelewa, na hata kuchelewa kwenyewe hakukuwa na mpangilio, mara hivi mara vile. Huwezi kukikatia shimo kidole cha namna hiyo. Nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa nilipoona kitu chini ya meza. Kila chura alipofika ukingoni, mguu wa kulia wa Mama ulikanyaga sakafu, kwa wakati wake kabisa, kama unavyokanyaga pedali ya cherehani.

Nilimwita Waya kwa ile sauti ambayo majirani wanaijua. Sikumaliza hata kueleza. Alichukua pedali ya cherehani ya umeme iliyokufa, akafungua kibodi chakavu, akaunganisha nyaya kutoka kitufe cha kurukia mpaka kwenye pedali. Mama alikuwa akimwonya asije akaiharibu, na huku ameshavua kiatu.

Alikanyaga, chura akaruka. Akagusa kidogo, chura akaruka kidogo. Akashikilia, chura akapaa. Mimi na Waya tulikuwa tunarukaruka wenyewe mle chumbani kama watoto, na Mama hana habari na sisi, anaikazia macho skrini kama anatia uzi kwenye sindano. Mkono wa kushoto unaendesha, mguu wa kulia unarusha.

Nikafungua leveli ya nyumba yetu, nikafuta zile sakafu za uongo mbele ya macho yake, zote. Mashimo nikayapanua. Akaniambia la mwisho, la mlangoni, nilipanue zaidi. Nikamwambia hilo hata mimi siliwezi. Akasema hakuniuliza mimi.

Akaanza. Ngazi akapita, marobota akapita, kaa wa jirani akamruka bila hata kumwangalia. Kwenye shimo la mwisho mguu ukachelewa, kidogo tu. Chura akatumbukia, akaenda moja kwa moja, skrini ikawa nyeusi. Nikamgeukia Mama usoni.

Meno yote yalikuwa nje.

"Nimekufa," alisema, na akaivuta pedali karibu zaidi na mguu wake. "Haya, turudie. Na wewe umekula? Zamu yako inakuja, sitaki visingizio."