Mandhari ya Mwamba Mweupe, Bila Watu

Jumatatu asubuhi wanafunzi wa warsha ya picha za mandhari walikutana kwenye baraza ya nyumba moja ya Kuze, wakanywa chai ya tangawizi kwa mahamri, kisha wakagawiwa kamera. Kamera zilikuwa chache, kwa hiyo kila wawili walipewa moja. Mirriam Chengo aliwekwa pamoja na Athmani, mwenye studio ya picha za pasipoti mtaa wa pili. Athmani alisema kwamba tangu aanze kazi hajawahi kupiga picha ya kitu kisicho na masikio.

Mirriam alikuwa mpokea simu katika ofisi moja ya mawakala wa forodha kule Shimanzi. Warsha hakuiomba. Bosi wake ndiye aliyealikwa, akakosa nafasi, akamwambia aende yeye. Mirriam alikubali kwa sababu wiki nzima hangesikia simu ikilia. Alikuwa amechoka uchovu ule ambao mtu huamka nao asubuhi, akaenda nao kazini, akarudi nao nyumbani Majengo. Mumewe, Lewis, alifariki mwaka wa tisini na tatu. Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na sita.

Mwalimu aliitwa Maxwell. Alitoka Nairobi, mtu mpole, mwenye fulana ya mifuko mingi ambayo mingi ilikuwa mitupu.

"Mandhari ni ardhi, maji, mbingu na mwanga," aliwaambia. "Mtu akiingia pichani, jicho humfuata yeye, na ardhi husahauliwa. Kwa hiyo picha zetu zitakuwa bila watu."

Aliwaeleza pia kwamba gharama zote zimelipwa na kampuni moja ya kujenga nyumba, ambayo itachagua picha nzuri za kuweka kwenye kalenda yake ya mwaka ujao. Picha zote zingepigwa Mwamba Mweupe, lile jabali la matumbawe upande wa kisiwa unaotazama bahari kuu, mahali palipochongoka hata soli za viatu huisha kwa siku moja.

Athmani alimtazama Mirriam. Mirriam alitazama chai yake. Wote wawili walikuwa na watu wao huko.

Nyuma ya Mwamba Mweupe palikuwa na maziara ya umma, Waislamu upande mmoja, Wakristo upande wa pili, na ukuta mfupi katikati. Lewis alizaliwa kisiwani na alitaka kuzikwa kisiwani, kwa hiyo alizikwa pale. Mwaka uliotangulia, kiwanja hicho kiligawiwa kampuni ile ya kujenga nyumba. Tingatinga lilikuja, likasawazisha makaburi ya pande zote mbili bila upendeleo, na ukuta mfupi nao ukaenda. Kisha ukawekwa ua wa mabati. Waliozikwa pale, wakiwa hawana tena mahali pa kulala, walitoka wakaenda kukaa juu ya jabali, nje ya ua. Mji wote ulijua. Mwanzoni jamaa zao waliwatembelea kila Ijumaa na kila Jumapili. Baadaye mambo ya dunia yalizidi, wakapungua.

Mirriam hakuwa amekwenda hata mara moja. Alisubiri apate kwanza neno la kumwambia mumewe, na neno hilo lilikuwa halijapatikana.

Walipofika jabalini, Maxwell alisimamisha miguu mitatu ya kamera, akainama, akachungulia, akainuka.

"Wale ni akina nani?"

"Ni wenye maziara," Athmani alisema.

"Wataondoka saa ngapi?"

"Hawana pa kwenda."

Maxwell alifikiri kidogo. Kisha akaenda mpaka walipokaa, akavua kofia. "Wazee wangu, salamu. Twaomba nafasi upande huu."

Waliinuka polepole, wakashikana mikono penye mawe makali, wakahamia kushoto. Wanafunzi wakapiga picha za kulia. Kisha ikabidi kupiga za kushoto, nao wakaombwa warudi kulia. Iliendelea hivyo mpaka adhuhuri. Hawakulalamika. Lakini ilionekana wazi kwamba wamechoka sana. Macho yao yalikuwa mekundu, na wengine walisinzia wakiwa wima, wakashtuka. Tangu siku ya tingatinga hakuna aliyepata usingizi, na kwa kuwa mfu hafi kwa kukosa usingizi, hapakuwa na mwisho wa jambo hilo.

Lewis alikuwa amekaa peke yake karibu na ua. Alivaa suti aliyozikwa nayo, suruali ameikunja, viatu ameviweka kando. Mirriam alikwenda akakaa karibu naye.

"Baba Winnie."

"Mama Winnie. Umekonda."

"Kazi."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Yuko kidato cha tatu. Amekuwa mrefu, viatu vyake sasa ni saizi yangu."

Lewis aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Ulikwenda ofisi ya ardhi?" aliuliza.

"Nilikwenda. Waliniambia anayehusika yuko likizo. Nikarudi, wakaniambia amehamishwa. Nikarudi tena, nikampata mwingine, akaniuliza nina uthibitisho gani kwamba wewe umekufa."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nilikuzika. Akauliza kaburi liko wapi. Nikasema mmelivunja. Akasema basi kama kaburi halipo, yeye hawezi kujua kama kuna mtu aliyezikwa."

Lewis aliyafikiria maneno hayo. Alikuwa dereva wa winchi bandarini maisha yake yote na alizoea maofisa.

"Baada ya hapo nikachoka," Mirriam alisema. "Sikuja kwa sababu sikuwa na la kukuambia."

"Ungekuja tu."

"Najua."

"Hapana neno. Mimi pia nimechoka. Ukijilaza juu ya jiwe hulali. Unakuwa kama mzigo uliowekwa chini, basi."

"Twende nyumbani, ukalale kitandani."

"Nilikuja siku moja, ulikuwa kazini. Nikalala chini, nikalala kitandani. Hapakunipokea popote. Yataka iwe ardhi yangu mwenyewe."

Maxwell aliita kutoka upande wa pili. "Mirriam, hapo ulipo mwanga ni mzuri sana sasa hivi. Mwombe huyo bwana asogee, upige."

Mirriam aliinuka, akaenda kwenye kamera, akaigeuza ielekee nchi kavu, mahali Lewis alipokaa na ua wa mabati nyuma yake. Lewis alianza kuokota viatu vyake ili ahame.

"Kaa," Mirriam alimwambia.

"Mwalimu amesema nisogee."

"Umesogea mara ngapi leo? Kaa hapo hapo."

Alikaa. Mirriam akampiga picha.

Athmani, zamu yake ilipofika, alimkuta mamake, Bi Mwanakuu, aliyezikwa pale yeye Athmani akiwa bado kijana. Sasa mwana alikuwa na mvi na mama hana. Bi Mwanakuu alimwona akiinama nyuma ya kamera, akamwinulia mkono.

"Ngoja nijitande vizuri."

"Mama, hii ni picha ya mandhari."

"Mandhari pia yataka heshima," alisema, na Athmani alingoja mpaka alipomaliza kujitanda.

Jioni hiyo walikwenda studioni kwa Athmani kusafisha filamu. Katika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, karatasi ya Mirriam ilielea katika beseni la dawa. Ilitoka mbingu kwanza, kisha miti, kisha ardhi. Ua wa mabati haukutoka. Mahali pake palikuwa na nyasi, ule ukuta mfupi, na misalaba ikiwa imesimama kama zamani. Mwisho akatoka Lewis. Hakuwa ameketi. Alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, kiganja chini ya shavu, amefumba macho.

"Amelala," Athmani alisema.

"Naona."

Mirriam aliitoa karatasi kwenye maji, akanyoosha mkono kuitundika kwenye kamba pamoja na nyingine. Athmani akamzuia. "Usimtundike na kibanio. Utamwamsha."

Wakaitandaza juu ya taulo ikauke. Karatasi iliyofuata ilikuwa ya Bi Mwanakuu. Naye alikuwa amelala, kanga imemfunika mpaka miguuni.

Siku ya pili mahali pa Lewis jabalini palikuwa patupu, na pa Bi Mwanakuu pia. Wafu wengine walikuwa wameshaelewa. Wanafunzi walipowasili waliwakuta wamepanga foleni, wazee mbele, bila kusukumana. Mwanamke mmoja alikuwa amewabeba watoto wawili, akauliza kama watatoshea katika picha moja.

Maxwell aliitazama foleni mpaka mwisho wake. Alikaa juu ya sanduku la lenzi.

"Mimi nimeletwa kufundisha mandhari," alisema. "Filamu si zangu. Hata ujira wangu sijalipwa." Alijifuta uso. "Lakini sikuambiwa nichunguze kila mtu ameelekeza kamera wapi."

Asubuhi walipiga bahari na jabali, bila watu, kama walivyoagizwa. Alasiri walipiga waliokuwa kwenye foleni. Mwanamke mwenye watoto alitoshea nao. Jioni studio ya Athmani ilijaa karatasi sakafuni, kwenye meza, juu ya kabati, na mtu alipotaka kupita alivua viatu. Alhamisi filamu ziliisha na foleni ilikuwa bado ndefu. Athmani ndiye aliyekwenda kuwaambia. Walimshukuru, wakarudi kukaa kwenye mawe yao.

Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri, mkurugenzi wa kampuni, Bwana Barnabas, alikuja Kuze kuchagua picha. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye leso nyeupe, na yeye pia alionekana hakupumzika siku nyingi. Picha za bahari zilikuwa zimebandikwa ukutani. Zenye waliolala zilikuwa zimetandazwa juu ya mkeka.

Alizisifu za ukutani, moja moja. Kisha akasimama mbele ya mkeka.

"Hawa wamelala kwenye kiwanja changu."

"Wamelala kwao," Athmani alisema.

Bwana Barnabas alimgeukia Maxwell. "Mwanga wa hizi ni mzuri kuliko wa zile. Hawa watu hawawezi kukatwa?"

"Mahali palipobaki hapatatosha kalenda," Maxwell alijibu.

Mirriam alisogea mbele. Hakuwa amepanga kusema, na sauti yake ilitoka kama ile ya kupokelea simu. "Bwana Barnabas, huyu hapa ni mume wangu. Mlimwondoa mahali alipozikwa. Mtamrudisha lini?"

Mkurugenzi aliinama akamtazama Lewis kwa makini, kama mtu anayetaka kumkumbuka.

"Pole sana, mama. Lakini mimi sikumwondoa mtu. Nilipopewa kiwanja kilikuwa kitupu."

"Hakikuwa kitupu."

"Nilionyeshwa picha," Bwana Barnabas alisema kwa upole. "Ilikuwa picha nzuri, ya rangi. Hapakuwa na mtu."

Maxwell alianza kufunga miguu ya kamera ambayo ilikuwa imeshafungwa. Bwana Barnabas alichagua picha zake kutoka ukutani, akampa kila mtu mkono, akarudi tena kwa Mirriam kumwambia kwamba pale Mwamba Mweupe wataweka bustani ndogo, yenye viti. Mirriam alimwambia ahsante. Baadaye alijiuliza kwa nini alimwambia ahsante, akaona ni mazoea tu.

Kalenda ilitoka Desemba. Ilikuwa nzuri, na ofisi nyingi za mji ziliitundika. Mwaka mpya ulipoingia mabati yaliondolewa, mashimo ya msingi yakachimbwa, na jabali lenyewe likatiwa ndani ya kiwanja. Wale waliokosa picha walihamishiwa mawe ya chini, ambako maji yakijaa huwafika magotini. Athmani alinunua filamu kwa pesa zake, akawa anawaendea kila Ijumaa, wachache wachache, mpaka bawabu mpya alipoagizwa asimruhusu kupita. Bawabu alimwomba radhi. Babu yake alikuwa mmoja wa waliobaki kule chini.

Mirriam alirudi kazini Shimanzi. Nyumbani Majengo aliiweka picha ya Lewis juu ya meza, chali, kwenye kitambaa alichokifuma mwenyewe. Ukutani hakuitia, kwa sababu mtu aliyelala hawekwi wima. Winnie alipokuja likizo alikaa mbele ya meza mchana kutwa. Alisema baba anakoroma kidogo. Mirriam alisema siku zote alikoroma.

Jumapili moja alasiri, jirani yake Mapenzi aliingia kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Alipoiona meza akashusha sauti, kama walivyofanya wote waliozoea kuingia mle.

"Amegeuka," alisema. "Wiki iliyopita alielekea mlangoni."

"Aligeuka juzi."

"Na huko kwao, vipi? Kumepatikana lolote?"

"Wajenzi wamefika ghorofa ya pili."

Mapenzi aliguna. Alichukua mbuzi, akaibana kwapani. "Na wewe, walala?"

"Nalala kidogo," Mirriam alisema.

Wakati huo lori la kokoto lilipita barabarani likielekea Mwamba Mweupe, na nyumba ikatetemeka, vikombe vikagongana kabatini. Mirriam aliinuka, akaweka kiganja juu ya picha, polepole, isisogee. Lori likapita. Nyuma yake kulikuwa na lingine, na nyuma ya hilo lingine. Mapenzi alivuta kiti kwa mguu wake, akamsogezea. Mirriam akaketi bila kuuondoa mkono, akangoja yapite.